Lilial: Harufu ya Ua Lisilotoa Mafuta

Kwa zaidi ya nusu karne kulikuwa na kiambato kimoja kilichopita katika nyumba nyingi mno zenye sabuni ya kunukia, na watu wachache sana walikijua kwa jina. Watengenezaji wa manukato walikiita Lilial. Kwenye lebo kiliandikwa kwa jina refu la kitaalamu, Butylphenyl Methylpropional, kwa herufi ndogo, karibu na mwisho wa orodha ya viambato. Kilikuwa ndani ya shampuu, losheni, dawa ya kwapa, sabuni ya unga, maji ya kulainisha nguo na manukato ya bei kubwa. Kisha tarehe 1 Machi 2022 Umoja wa Ulaya ukakipiga marufuku katika vipodozi vyote, bila kuwapa wenye maduka muda wa kumalizia mzigo uliokwisha kupangwa kwenye rafu.

Watu wengi waliosikia habari hiyo waliichukua kwa njia moja kati ya mbili. Wapo waliosema kemikali zote ni sumu na turudi kwenye asili. Wapo waliosema Wazungu wamezidi woga, maana hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kunukia vizuri. Naona pande zote mbili zimeliacha jambo lenyewe kando. Lilial haikuondolewa kwa sababu imetoka kiwandani, na wala haikuondolewa kwa sababu ya chupa moja ya manukato. Iliondolewa kwa sababu mtu mmoja huipata mara nyingi kwa siku kutoka vyombo vingi tofauti, na hesabu hiyo haikuwa ikijumlishwa. Ukiielewa hoja hiyo, unaelewa pia kwa nini suala hili linatuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, watu tunaojipaka marashi kuanzia nywele hadi kanga.

Tuanze na ua lenyewe. Yungiyungi la bondeni, ambalo Wafaransa huliita muguet na wataalamu wa mimea Convallaria majalis, ni mmea mfupi wa misitu ya baridi ya Ulaya na kaskazini mwa Asia. Maua yake ni meupe na madogo, yamejipanga upande mmoja wa kikonyo yakiwa yameinama. Ufaransa watu hupeana vishada vyake kila tarehe 1 Mei. Harufu yake inajaza chumba, lakini ukitaka kuichukua ukaitia chupani, ua linakunyima. Mlangilangi wa Komoro unatiwa kwenye mtambo, unapitishiwa mvuke na unatoa mafuta; waridi hutoa, na asumini hutoa kwa njia ya viyeyushi. Yungiyungi la bondeni halitoi mafuta ya kibiashara kwa mvuke wala kwa njia nyingine ya kawaida. Maana yake ni kwamba manukato yote ya muguet uliyowahi kuyanusa, ya ghali na ya rahisi, yametungwa na mwanadamu. Hapakuwahi kuwa na toleo la asili ambalo viwanda vimeliharibu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kilipatikana kiambato cha kwanza kilicholifikia ua hilo kwa karibu, hidroksisitronelali. Ndicho alichokitegemea mtunzi Edmond Roudnitska alipotunga manukato ya Diorissimo kwa ajili ya nyumba ya Christian Dior mwaka 1956. Dior alilipenda ua hilo kuliko yote. Roudnitska alikuwa ameliotesha bustanini kwake Cabris, kusini mwa Ufaransa, ili alifuatilie linavyonukia likiwa bado limesimama shambani, na kazi yake mpaka leo inachukuliwa kuwa picha kamili zaidi ya ua hilo iliyowahi kuchorwa kwa harufu. Nalitaja hilo kwa makusudi. Mtu anayedhani utunzi wa manukato kwa kemikali ni udanganyifu wa bei rahisi hajafikiria kazi ya mtu aliyekaa bustanini misimu mingi akisikiliza kwa pua ua lisilotaka kukamatwa.

Lilial ilizaliwa katika miaka hiyohiyo ya 1950, katika maabara za kampuni ya Givaudan. Ni kimiminika kisicho na rangi au chenye umanjano hafifu. Molekuli yake ina kaboni 14, hidrojeni 20 na oksijeni moja tu, na ni ya jamii ya aldehidi. Kiwandani huchukuliwa aldehidi yenye duara la benzini, ikaunganishwa na aldehidi nyingine ndogo, propanali, kisha kitu kilichopatikana kikaongezewa hidrojeni. Malighafi yote asili yake ni mafuta ya petroli. Molekuli hii ina maumbo mawili yanayotazamana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na ni umbo moja tu linalobeba sehemu kubwa ya harufu. Iliyouzwa sokoni ilikuwa mchanganyiko wa yote mawili, kwa sababu kuyatenganisha kungepandisha gharama bila sababu.

Harufu yake ni laini, ya ua jeupe lenye umajimaji na ubichi kidogo, na unga fulani unaobaki nyuma. Peke yake haishangazi. Uzuri wake ulikuwa katika kukaa na wenzake: ilitia nafasi na hewa katikati ya mchanganyiko, ikayafunga maua mengine bila kuyafunika, ikakaa kwenye nguo saa nyingi baada ya manukato mepesi kuruka. Ilikuwa rahisi kwa bei. Ilivumilia mazingira ya sabuni vizuri kiasi cha kutosha. Kwa hiyo ilitengenezwa kwa maelfu ya tani kila mwaka, na pole pole harufu yake ikawa ndiyo watu wanayoiita harufu ya nguo safi. Wengi wetu tunaivuta tukikunja shuka bila kujua kwamba tunanusa ua la misitu ya Ulaya ambalo hatujawahi kuliona.

Udhaifu wake ulikuwa unajulikana tangu zamani kwa waliofanya nayo kazi. Kama aldehidi nyingi, Lilial hushika oksijeni ya hewani na kugeuka asidi, ndiyo maana pipa lililofunguliwa lilihitaji uangalifu. Ikikutana na viambato vyenye amini huungana navyo na kubadilisha rangi na harufu, na watunzi waliitumia tabia hiyo kwa faida: iliyounganishwa na methili antranilati iliuzwa kama kiambato kingine kabisa, kizito na cha kudumu. Hayo yalikuwa matatizo ya chupani. Ya mwilini yalikuja baadaye.

La kwanza lilikuwa mzio. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulitoa orodha ya viambato 26 vya harufu ambavyo lazima vitajwe kwa jina kwenye lebo, visijifiche ndani ya neno la jumla la manukato, kila vinapozidi asilimia 0.001 katika kitu kinachobaki mwilini kama losheni, au asilimia 0.01 katika kitu kinachosuuzwa kama shampuu. Lilial ilikuwa kimojawapo. Hatua hiyo ilikuwa ndogo lakini ya maana, kwa sababu kuanzia hapo mtu mwenye ngozi inayowasha aliweza kusoma na kuamua.

La pili ndilo lililoiondoa. Panya waliolishwa Lilial kwa mdomo, kwa vipimo vikubwa, walionyesha madhara kwenye korodani na kwenye mbegu za kiume. Mbwa pia walidhurika. Maelezo yaliyotolewa ni haya: mwili unapoichakata Lilial, sehemu yake hugeuka asidi ya tert-butilibenzoiki, na asidi hiyo inajifunga na koenzaimu A, chombo ambacho seli hukihitaji katika kazi ya mafuta na nishati. Kifungo hicho kinaporundikana ndani ya seli, kazi nyingine zinavurugika. Watafiti wa viwanda walijibu kwamba katika seli za ini za panya mrundikano huo hutokea, lakini katika seli za ini za binadamu hautokei kwa namna hiyo, na kwa hiyo panya si kipimo kizuri cha mtu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ina kemia ndani yake. Lakini haikuwatosha wasimamizi, na nadhani walikuwa na haki. Ukiwa na wanyama wa aina mbili walioumia katika kiungo kilekile, mzigo wa kuthibitisha usalama unabaki kwa anayeuza, si kwa anayenunua.

Kuna jambo la ajabu katika sehemu hii ya hadithi. Mwaka 2003 watafiti wa Bochum, Ujerumani, na wenzao wa Marekani walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mbegu za kiume za binadamu zina kipokezi cha harufu cha aina ile ile inayopatikana puani, na kwamba kinaamshwa na bourgeonali, ndugu wa karibu wa Lilial mwenye harufu hiyohiyo ya muguet. Katika maabara mbegu ziliogelea kuelekea kulikokuwa na bourgeonali nyingi. Lilial nayo ilikiamsha kipokezi hicho. Utafiti uliofuata ulitilia shaka kama kipokezi hicho kina kazi yoyote halisi katika utungaji wa mimba, na vyovyote iwavyo hilo ni suala tofauti na sumu iliyoonekana kwa panya. Njia ya sumu hiyo mwilini ni nyingine. Hata hivyo watu huyachanganya mambo hayo mawili, na kwenye mitandao utakuta mtu akikuambia kwamba manukato ya muguet yanaita mimba na mwingine, kwa ushahidi uleule, kwamba yanaizuia.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapo ndipo pana funzo. Katika mfumo wa Ulaya kitu chenye hatari kwa uzazi hupangwa kwa madaraja. Daraja la 1A ni la kile kilichothibitika kwa binadamu. Daraja la 1B ni la kile kinachochukuliwa kuwa na hatari hiyo kwa binadamu kwa ushahidi wa wanyama. Lilial iliwekwa 1B kwa kanuni ya mwaka 2020 iliyoanza kutumika Machi 2022. Kipodozi hakiruhusiwi kuwa na kiambato cha 1B, isipokuwa mwenye nacho atimize masharti kadhaa kwa pamoja, na mojawapo ni kuonyesha kwamba ni salama hata ukijumlisha njia zote ambazo mtu hukipata.

Jumla hiyo ndiyo iliyoiangusha. Kamati ya kisayansi ya Ulaya inayoshughulikia usalama wa watumiaji ilitoa maoni yake mwaka 2019. Viwanda vilikuwa vimependekeza vipimo vya juu, kwa mfano asilimia 1.42 katika manukato ya kupuliza na asilimia 0.06 katika losheni ya mwili. Kamati ilikubali kwamba kila bidhaa ikitumiwa peke yake haina wasiwasi. Zikitumiwa zote pamoja na mtu mmoja, ilikataa kusema ni salama. Ikaongeza kwamba sabuni za kufulia na za kusafishia nyumba hazikuingizwa hata katika hesabu hiyo kwa kukosa takwimu, hivyo kiasi halisi kinachomfikia mtu kinaweza kuwa kikubwa zaidi.

Fanya hesabu mwenyewe kwa vipimo hivyo. Gramu moja ya manukato ya kupuliza yenye asilimia 1.42 ina miligramu 14 za Lilial. Gramu 8 za losheni, kiasi ambacho mtu mzima hutumia akijipaka mwili mzima, zina karibu miligramu 5. Ongeza krimu ya uso, mafuta ya nywele, dawa ya kwapa, kisha nguo zilizolainishwa zinazogusa ngozi kutwa. Hakuna mtengenezaji hata mmoja aliyevunja kanuni, kwa kuwa kila mmoja alipima chupa yake akaona iko sawa. Mwili ndio uliopokea zote. Sehemu tu ya kiasi hicho hupenya ngozi, na hilo kamati ililizingatia. Bado jumla haikukaa sawa. Kwangu mimi hii ndiyo sababu nzito ya kuuheshimu uamuzi ule. Ulikataa mazoea ya kupima kila kitu peke yake, kana kwamba watu hutumia kitu kimoja kwa siku.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema suluhisho ni kurudi kwenye asili. Yungiyungi la bondeni lenyewe ni sumu: lina viambato vinavyoshambulia moyo, na mtu hapaswi kula jani wala ua lake. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2017 iliyoiondoa Lyral, kiambato kingine cha muguet kilichowaletea watu wengi mzio, iliondoa kwa pamoja atranoli na kloroatranoli, vitu vinavyopatikana katika kuvu-mwani wa asili wa miti ya mialoni ambao manukato ya zamani yaliutegemea sana. Linaloli, iliyomo katika mimea mingi inayonukia, ikikaa hewani huzaa vitu vinavyoleta mzio wa ngozi. Asili ya kitu haikuambii lolote kuhusu kiasi kinachoingia mwilini mwako, na kiasi ndicho swali.

Marufuku yenyewe ina mipaka yake pia. Inahusu vipodozi. Sabuni za kufulia na visafishio viko chini ya sheria nyingine, ambayo kwa vitu vya daraja la 1B huzuia kumuuzia mwananchi wa kawaida mchanganyiko unaofikisha asilimia 0.3. Chini ya hapo mlango uko wazi. Uingereza ilifuata Ulaya katika mwaka huohuo wa 2022. Marekani hakuna marufuku ya shirikisho, na kwa muda mrefu mtengenezaji wa huko ameruhusiwa kuyafunika manukato yote kwa neno moja la jumla kwenye lebo. Bidhaa moja, basi, ya kampuni moja, inaweza kuwa na muundo mmoja Paris na mwingine kwenye bara jingine, na chupa zikafanana.

Watunzi hawakukaa wakilia. Givaudan ilileta Nympheal, Firmenich ikaleta Lilyflore, na vipo vingine. Kinachonivutia katika Nympheal ni kwamba kemia ya tatizo ilitumiwa kutengeneza jibu: kikundi kidogo cha ziada kimewekwa kwenye duara la benzini, kwenye nafasi inayokwamisha ile njia ya kugeuka asidi ya benzoiki ya hatari. Hiyo ni kazi ya heshima. Wapenzi wa manukato ya zamani husema, na wana pua nzuri, kwamba matoleo mapya ya baadhi ya manukato waliyoyapenda yamepungua ulaini. Naamini wanachokinusa. Sidhani kama kinatosha kuirudisha Lilial.

Kwetu, sheria ya Ulaya haina nguvu Kariakoo wala Mombasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha vipodozi, EAS 377, ambacho sehemu yake ya kwanza ni orodha ya viambato vilivyokatazwa, na wasimamizi wapo: TBS kwa Tanzania, iliyokabidhiwa kazi ya vipodozi mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, na KEBS kwa Kenya. Nguvu nyingi, na kwa haki kabisa, zimeelekezwa kwenye zebaki na haidrokwinoni za kujichubua, vitu vinavyoharibu ngozi na figo za watu hadharani. Lakini orodha ya viambato vilivyokatazwa inahitaji kufuatiliwa kila uamuzi mkubwa unapotoka, kwa sababu mzigo uliokatazwa mahali pamoja una bei nzuri mahali pengine.

Shaka yangu kubwa zaidi iko kwenye mafuta ya marashi yanayopimwa dukani. Unaingia, unanusishwa vifuniko vitano au sita, unachagua, muuzaji anachota kwa sindano kutoka chupa kubwa ya bati na kukujazia kichupa chako cha tola moja au nusu. Juu ya kichupa kimebandikwa kikaratasi chenye jina la manukato mashuhuri yaliyoigwa, na hakuna kingine chochote. Hakuna orodha ya viambato, nchi, wala tarehe. Mafuta haya hayajachanganywa na spiriti. Manukato ya kupuliza mara nyingi huwa na mafuta ya harufu asilimia 15 hadi 20, yaliyobaki ni spiriti na maji. Ikiwa manukato yenye mafuta asilimia 20 yana Lilial asilimia 1.42, basi mafuta yake yenyewe, kabla ya spiriti, yana asilimia 7 na ushei. Matone matatu, tuseme sehemu ya kumi ya gramu, yanakupa miligramu 7. Hiyo ni nusu ya kile cha mpulizo wa gramu nzima, kwa anayegusa nyuma ya sikio na kwenye kifundo cha mkono akaishia hapo. Sisi hatuishii hapo. Tunapaka kifuani, tunatia kwenye mafuta ya nywele, tunanyunyiza kwenye kanga na kanzu, na bibi harusi husingwa na kutiwa marashi siku baada ya siku kabla ya harusi. Mama mjamzito na mwanaye mgongoni wako katika harufu hiyohiyo.

Sisemi mila hiyo iachwe. Kunukia ni adabu kwetu, ni sehemu ya kumheshimu mgeni na kumheshimu mume au mke, na sitaki kuishi katika pwani isiyonukia. Ninachodai ni karatasi. Mafuta ya harufu yanayouzwa na viwanda vinavyojiheshimu husafiri na hati ya usalama, na mara nyingi na cheti kinachofuata viwango vya IFRA, chama cha kimataifa cha viwanda vya manukato kilichoanzishwa mwaka 1973. Katika hati hizo viambato vya hatari hutajwa kwa jina na kwa namba ya utambulisho; ya Lilial ni 80-54-6. Muuzaji wa jumla wa Dubai au Mumbai anaweza kuombwa hati hiyo kabla pipa halijapakiwa, na asiyeitoa anaweza kuachwa. Forodha inaweza kuidai bandarini pamoja na ankara. Muuzaji wa rejareja anaweza kubandika orodha fupi ya viambato vya mzio kwenye chupa kubwa anayochotea, hata kama kichupa cha mteja hakina nafasi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji maabara mpya. Kwa bidhaa zenye lebo kazi ni rahisi zaidi: soma mwisho wa orodha, na ukikuta Butylphenyl Methylpropional, jua kwamba chupa hiyo imetengenezwa kwa ajili ya soko lisilofuata kanuni ya Ulaya, au ni mzigo wa kabla ya Machi 2022 ambao huko usingeruhusiwa tena kuuzwa.